Kaka Yangu Anataka Tununue Cherehani

Shikamoo Fundi,

Nashona bidhaa za ngozi: pochi, mikanda, ala za visu na mikoba ya begani. Kazi yote naifanya kwa mkono, sindano mbili kwenye uzi mmoja, kama nilivyofundishwa na bibi mmoja aliyenipokea karakanani kwake nikiwa sijui hata kushika nyundo. Nilipoanza kujitegemea kaka yangu alikuja tukashirikiana. Mimi nashona, yeye anatafuta wateja na kushika hesabu. Tulikwenda vizuri, ila siku hizi tukikaa kupanga kazi tunaishia kununiana.

Yeye anataka tununue cherehani ya ngozi. Anasema mkoba mmoja unanikalia siku mbili na zaidi, na kwa muda huo wenye cherehani wameshatoa kadhaa. Anasema mteja anatazama rangi, umbo na bei, basi. Hajawahi kumwona mtu akigeuza mkoba ndani nje ili aone uzi ulivyopita. Halafu juzi mteja aliweka pochi yangu kando ya nyingine aliyonunua kwingine, ya cherehani, akasema mbele yetu wote wawili kwamba ile nyingine imenyooka zaidi. Kaka hakusema neno. Alinitazama tu, nami nikaelewa.

Fundi, kinachoniumiza si yeye. Ni kwamba nikiulizwa ubora wa mshono wa mkono uko wapi, nasema una roho, nasema umetengenezwa kwa mapenzi. Siku moja kaka akanijibu kwamba roho haibebi mzigo, na sikuwa na la kumrudishia. Tangu hapo najiuliza kama ninachokiamini ni kweli ama nimekirithi tu bila kukichunguza.

Sasa kuna jambo limetufikia na linataka jibu upesi. Taasisi moja imetaka mifuko ya kubebea vitabu na nyaraka, mingi kuliko kazi yoyote tuliyowahi kupata, na tarehe wameshaiweka. Bei waliyotaja ni ya mfuko wa cherehani. Kwa mkono siwezi kuimaliza, na nikijaribu nitaumia, maana hata sasa ikifika jioni kifundo cha mkono wa kulia kinauma na vidole viwili vinakufa ganzi.

Je, mshono wa mkono una thamani ya kweli? Nikitumia cherehani nitakuwa nimeisaliti kazi niliyofundishwa? Na hii kazi ya mifuko tuikubali au tuiache?

Mwenye Sindano Mbili

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa mkono. Nianze na huo mkono, kwa sababu katika barua yako yote ndio usiopaswa kungoja. Maumivu ya jioni kwa mtu anayeshona kutwa ni jambo la kawaida, lakini ganzi ya vidole si ya kuzoea. Nenda kwa daktari ukamweleze kazi unayofanya, umwonyeshe na jinsi unavyovuta uzi. Wakati huohuo kagua ukaaji wako. Kazi ishikwe na kibano cha mbao katikati ya mapaja, mikono ibaki huru kwa sindano tu. Uzi uvutwe kwa mkono mzima kuanzia bega na kiwiko. Ukivuta kwa kukunja kifundo, kifundo ndicho kitakacholipa. Usizungushe uzi kwenye kidole kilekile kila mara. Vaa kipande cha ngozi laini pale unapobana. Na noa msharasi, ile zana ya ncha kali ya kutobolea ngozi. Msharasi butu unalazimisha mkono kusukuma kwa nguvu kila tundu, na matundu ya siku moja ni mengi.

Sasa kaka yako. Usimjibu kwa maneno, mjibu kwa wembe. Kata vipande vinne kutoka ngozi moja, ya unene uleule unaotumia kwa mikanda ya mikoba. Shona viwili pamoja kwa mkono, na viwili mpelekee fundi mwenye cherehani ya ngozi avishone kwa uzi wa unene unaokaribiana na wako. Kisha kata uzi mahali pamoja tu katikati ya kila mshono, upande wa juu. Mpe kaka avivute, avikunje huku na huku, avipinde kama mkoba unavyopindwa ukibebwa kila siku. Mshono wa cherehani utaanza kulegea kuanzia pale palipokatwa kwenda pande zote mbili, na mtu akiudonoa uzi wa juu kwa ncha ya sindano ataung'oa tundu baada ya tundu. Mshono wako utapata pengo pale pale ulipokatwa, na kwingine kote utakuwa umeshika.

Sababu yake mweleze hivi. Cherehani inatumia nyuzi mbili. Mmoja unakaa juu ya ngozi muda wote, mwingine, ule wa bobini, yaani kigurudumu cha uzi kilicho chini ya mashine, unakaa chini muda wote. Zinakutana ndani ya tundu, zinashikana, halafu kila mmoja unarudi upande wake. Uzi wa juu haujawahi kutokeza chini. Kinachouzuia usitoke ni ule mwenzake aliyeupitia katikati ya ngozi, pamoja na mkazo ulioziweka hapo zote mbili. Mkazo ukipungua, uzi wa juu unabaki umelazwa tu. Wewe unatumia uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na sindano zote mbili zinapita kila tundu, moja ikitoka kulia na nyingine ikitoka kushoto. Kila tundu limepitiwa mara mbili, ngozi nzima, upande hadi upande. Ukikata uzi wa juu mahali fulani, ule uliopita chini ya hapo bado mzima, na ncha zilizokatwa zinabanwa na nta na unene wa ngozi kwenye matundu ya jirani. Huo ndio uwezo wa kubeba mzigo aliouuliza. Ulikuwa nao mkononi siku zote, ulikosa tu namna ya kuusema.

Lakini tuseme na haki ya upande wa pili. Mshono wa cherehani uliofanywa vizuri, kwa uzi mzuri wa poliesta, sindano inayofaa ngozi na mkazo uliopimwa, ni mshono wa kuheshimiwa. Viatu na mabegi mengi mno vimeshonwa hivyo na vinatumika miaka. Uzi ukikatika sehemu moja begi halianguki vipande siku hiyo. Ila uzi wa bidhaa ya ngozi hauna budi kuchakaa, kwa kuwa unakaa juu ya ngozi, unasuguliwa na nguo, meza na ukuta, na mara nyingi ndio unaotangulia kuisha kabla ya ngozi. Kwa hiyo jiulize: siku uzi utakapokatika, kitafuata nini? Hapo ndipo mishono hii miwili inapoachana, na hapo ndipo thamani ya kazi yako inapokaa.

Kaka yako asidhani pia kwamba unashona kwa mkono kwa sababu mashine zimechelewa kufika kwenye ngozi. Zilianzia kwenye ngozi. Mwaka 1790 Thomas Saint wa London alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mashine ya kushona, na aliikusudia ngozi na turubai. Ilitangulia kutoboa kwa kitu mithili ya msharasi, ndipo ikapitisha uzi. Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani akapata hataza ya mashine ya nyuzi mbili zinazofungana, msingi wa hizi za leo, na mwaka 1858 Mmarekani mwingine, Lyman Blake, akapata ya mashine ya kushonea soli za viatu. Basi mafundi wa ngozi wamekuwa na nafasi ya kuiacha sindano tangu enzi za mababu zao. Na bado watengenezaji wazuri wa matandiko ya farasi wanashona kwa mkono mikanda inayobeba uhai wa mpandaji: ule unaopita tumboni kwa farasi, ile ya vikanyagio, na hatamu. Mshono ukiachia pale, farasi akiwa mbioni, mtu anaanguka. Kampuni ya Hermès ya Paris ilianza mwaka 1837 kama karakana ya vifaa vya farasi, na mshono huo wa sindano mbili ndio waliouhamishia kwenye mikoba yao. Walichojifunza kwa farasi kilifaa kwenye bega la binadamu.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko hata hiyo ya kwanza, na mafundi wengi hawaisemi. Mshono wa mkono unatengenezeka. Mkoba ukirudi kwako baada ya miaka, uzi umeisha pembeni, unatoa uzi mbovu, unasafisha matundu, unapitisha sindano butu katika matundu yaleyale. Ngozi haiongezewi jeraha. Kwa cherehani ni vigumu sana kuilenga sindano kwenye matundu ya zamani. Mara nyingi inatoboa mapya katikati ya yale ya kwanza, na mstari unakuwa umetobolewa mara mbili, tayari kuchanika kama karatasi ya risiti. (Ukiletewa begi la cherehani kwa matengenezo, lishone kwa mkono katika matundu ya cherehani. Linawezekana kabisa, na mteja wa namna hiyo akishaona kazi yako huwa haendi mbali.)

Sasa nikwambie mambo ambayo sisi wa mkono hatupendi kuyasikia.

Kwanza, kuna sehemu za mkoba ambazo mshono wa mkono hauna kazi. Bitana. Mfuko mdogo wa ndani wa kuwekea kadi. Zipu inayoshikwa na kitambaa. Ngozi nyembamba laini iliyosindikwa kwa kromu na kukunjwa kwa urembo. Hapo mshono haubebi chochote, na chuma chako cha meno, kile unachokipiga kwa nyundo kutoboa mstari wa matundu, kinaacha tundu kubwa kuliko la sindano ya cherehani kwenye ngozi isiyo na nyama ya kulifumba. Ukishona hapo kwa mkono unamlipisha mteja saa ambazo hazitamrudia. Mahali ambapo mkono haupaswi kuondolewa ni pale mkanda wa begani unapoingia kwenye mkoba, kwenye mashina ya vishikio, kwenye kitanzi kinachoshika bizimu ya mkanda, kwenye pembe ambapo tabaka tatu au nne za ngozi zinakutana, na kwenye ala ya kisu yenye unene unaokaribia sentimita moja, ambao cherehani nyepesi haiwezi hata kuutoboa. Chora mkoba wako kwenye karatasi, kisha weka alama nyekundu kila mahali panapovutwa au kusuguliwa. Utashangaa jinsi wekundu ulivyo mchache.

Pili, mshono wa mkono unaweza kuwa mbaya kuliko wa cherehani, na mara nyingi huwa hivyo. Ukibadilisha mpangilio wa sindano katikati ya kazi, mara ya kulia itangulie, mara ya kushoto, uzi haulali sawa na mkazo haulingani. Ukichoma uzi wa kwanza kwa sindano ya pili ndani ya tundu, umeudhoofisha, na hutaweza tena kuuvuta urekebishe mkazo. Ndiyo maana sindano zetu ni butu, na ndiyo maana uzi wa kwanza unavutwa kando kidogo wakati wa pili unapoingia. Ukivuta kwa nguvu zote, ngozi inajikunja na matundu yanarefuka. Vuta hadi uzi ukae ndani ya ngozi, simama hapo. Ukichimba mfereji mwembamba kwanza, uzi unalala chini ya uso wa ngozi na hausuguliwi ovyo. Hiyo peke yake inauongezea mshono maisha, uwe wa mkono au wa cherehani.

Usisogeze matundu karibu mno kwa kutafuta uzuri. Wengi wanaamini matundu mengi ni nguvu nyingi, kumbe kila tundu ni ngozi iliyokatwa. Milimita 3 kutoka tundu hadi tundu zinafaa pochi, milimita 4 zinafaa mikoba, na kwa mkanda mnene wa kiunoni unaweza kwenda hadi 5.

Halafu kuna uzi. Hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali: uzi unapaswa kuwa dhaifu kidogo kuliko ngozi. Watu wanatafuta uzi wa nguvu kuliko wote, wanaufunga kwenye ngozi laini, halafu siku mzigo unapozidi, uzi unabaki mzima na kuikata ngozi kati ya tundu na tundu. Uzi uliokatika unabadilishwa. Ngozi iliyochanika mstarini haina dawa. Kwa ngozi ngumu iliyosindikwa kwa magome, uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki ni mzuri sana, unashika tundu na hauchezi, ila haupendi kulowa na kukaa na unyevu, unaoza. Kwa kitu kitakachonyeshewa au kutokwa jasho, chukua poliesta iliyotiwa nta. Nailoni inanyumbuka, na jua linaichosha kuliko poliesta, kwa hiyo kwenye mkanda wa begani mimi siitumii.

Nije kwa mteja aliyekuumiza. Hakukutukana, alisoma mstari uliokuwa mbele yake. Najua kuna wanaosema mshono uliopinda ni ushahidi wa mkono wa binadamu, na wanauza hivyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mshono wa mkono ukifanywa sawa una mlalo wake, kila uzi umeinama kidogo kuelekea upande mmoja, na mlalo huo cherehani huukaribia tu. Kuinama kwa mpangilio ni uzuri, kupinda ni kosa. Chunguza pochi yako. Kama mstari wenyewe unayumba, hukuchora kwa bikari kabla ya kutoboa, ama ulichora ukingo ukiwa bado haujasawazishwa. Kama mbele pamenyooka na nyuma panayumba, msharasi unaingia ukiwa umeinama, au chuma cha meno ulikipiga bila kukisimamisha wima. Kama matundu yana nafasi zisizolingana, hukurudisha jino la mwisho ndani ya tundu la mwisho ulipohamisha chuma. Yote matatu yanarekebishika kwa mazoezi kwenye vipande vya kutupwa. Na nakuomba uyarekebishe, kwa sababu mteja hawezi kuona kilicho ndani ya tundu. Anachoweza kuona ni mstari, na mstari ndio unaomfanya akuamini kwa yale asiyoyaona.

Sasa hesabu, ili uongee na kaka yako kwa lugha yake. Chukua mkoba wenye mita 2 za mshono, tundu hadi tundu milimita 4. Hayo ni matundu 500, na kila tundu linapitiwa mara mbili: mara 1,000 sindano inaingia na kutoka. Uzi unahitaji takriban mara 4 ya urefu wa mshono, yaani mita 8, ambazo hakuna mwenye akili atakayezivuta zote mara moja. Uzi mrefu unasagika kwa kupita matundu mengi, unapoteza nta na kutoa manyoya kabla hujafika mwisho, kwa hiyo unaugawa kwa vipande, na kila kipande kinataka mwanzo na mwisho, kurudi nyuma matundu mawili au matatu ili kifungike. Kazi hii haipungui kwa kuharakisha. Fundi anayeharakisha anaanza kuruka hatua ambazo ndizo zilizoufanya mshono uwe na thamani.

Kinachoipunguza kazi hii ni ukataji. Angalia mikoba yako uone mishono gani ipo kwa sababu ulizoea tu kuiweka. Kitako na pande mbili vikiwa kipande kimoja kilichokunjwa, mishono miwili mirefu ya chini inaondoka, na penye mkunjo hapana uzi wa kukatika. Mkoba wenye mishono michache, kila mmoja mahali panapovutwa, ni imara kuliko ule uliojaa mishono ya kupendeza, na unakurudishia nusu siku. Halafu pima saa zako kwa uaminifu, kuanzia kuchora na kukata hadi kusugua kingo. Mafundi wengi wanahesabu muda wa sindano tu, wanauza kwa bei hiyo, kisha wanalaumu mshono wa mkono kuwa haulipi. Kaka yako anashika hesabu, lakini anahesabu alichopewa. Mpe saa zote.

Kuhusu usaliti: la, cherehani si usaliti. Bibi aliyekufundisha alikupa njia ya kumtengenezea mtu kitu kisichomwangusha, na njia hiyo ina zana nyingi. Usaliti ungekuwa kushona kwa cherehani kisha kuandika kwamba umeshona kwa mkono, au kunyamaza mteja anapodhani hivyo. Andika wazi: mwili umeshonwa kwa cherehani, mashina ya mkanda na vishikio kwa mkono. Ukiandika hivyo wateja wanauliza kwa nini, na sasa jibu unalo, pamoja na vile vipande vilivyokatwa kwa wembe vya kuwawekea mezani wavivute wenyewe. Mikanda, ala na ile mikoba yako ya begani ibaki ya mkono mtupu, kwa bei yake halisi. Watakaoitaka watakuwa wachache kuliko unavyotamani, lakini watakuwa wanajua wanachonunua, na hao hawakulinganishi na mtu.

Basi ile mifuko. Ikubalini, kwa masharti, na msinunue cherehani kwa ajili yake. Kununua mashine kwa kazi moja yenye tarehe ni kujifunza kuiendesha kwenye mali ya mteja. Mtafuteni fundi mwenye cherehani ya ngozi, ile ambayo mguu wake wa juu unatembea pamoja na ngozi ili tabaka mbili zisihamane, mumlipe ashone mishono mirefu ya mwili. Wewe chukua mashina ya mkanda peke yake. Kila shina likishonwa mraba wa sentimita 3 kila upande, mzunguko ni sentimita 12, matundu 30. Mashina mawili kwa mfuko, matundu 60. Linganisha na yale 500. Hapo ndipo mfuko wa vitabu unapofia, kwenye mkanda, na hapo ndipo utakapokuwa umeweka mshono usiofumuka.

Kabla hamjampa fundi huyo ngozi zote, mpe vipande ashone sampuli, kwa uzi utakaomletea wewe. Geuza nyuma. Kama unaona vifundo vya uzi wa juu vinachungulia upande wa chini, mkazo wake hauko sawa; mwambie arekebishe na umwone akishona tena. Kunja sampuli, vuta, tazama kama matundu yanafunguka. Akikataa kufanya sampuli, tafuteni mwingine.

Na yote haya yategemee atakachosema daktari. Akikuambia upumzishe mkono, hata matundu 60 kwa mfuko ni mengi, kwa hiyo tafuta kijana wa kumfundisha sasa hivi; mraba wa matundu 30 ni somo zuri la kuanzia kwa mtu mwenye subira, nawe utakuwa wa kukagua na kukataa. Waombeni wenye kazi wapokee kwa mafungu mawili badala ya tarehe moja. Wakikataa hilo, na mkono wako ukiwa bado unakufa ganzi, waelekezeni moja kwa moja kwa yule fundi wa cherehani mliyemjaribu, na mumwambie kaka yako kwamba wakirudi na mikanda iliyong'oka, matengenezo mtayafanya nyie.

Fundi wako